Umeamka na vipele mwilini: unywe dawa au ungoje?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu baada ya bwana kuuacha mezani, mara hii hatutazungumza juu ya kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Tutazungumza juu ya mdudu mdogo na kidonge kidogo, na juu ya uamuzi ambao wengi wetu tunaufanya asubuhi moja, kwa haraka, bila kumuuliza anayejua.

Tuseme umetoka Baraka mapema. Umepanda Fizi, ukapita Lulimba, na gari limefika Misisi usiku umeingia. Umechoka. Mwenyeji wako amekupa chumba cha potopoto kilichokaa bila mtu kwa miezi mingi, na mkeka umetandikwa chini. Unalala kama gogo. Asubuhi unajikuta na vipele vitatu au vinne kiunoni na kwenye paja, vinawasha, na katika shuka kuna tone la damu iliyokauka. Mdudu mwenyewe hayupo.

Hapo washauri hawakosekani. Mwenyeji anacheka: "Ni viroboto tu, utazoea." Mwenzako wa zamu anatoa mfukoni vidonge viwili vya rangi mbili: "Meza hivi, ni tetra, vinaua kila kitu." Na ndugu yako aliyehamia Marekani, ukimpigia simu, anapaza sauti: "Umeumwa na kupe? Kunywa doksi leo leo, usingoje kesho!"

Nani kati yao ana haki? Usimjibu yeyote kabla hujajua aliyekuuma ni nani.

Kuna kupe, na kuna papasi. Watu wengi huwaita wote kupe, na makosa huanzia hapo. Kupe ni yule wa ng'ombe, mbuzi na mbwa. Anakaa majanini, anakushika mguuni ukipita porini au ukikaa karibu na zizi, naye haondoki upesi. Anajichimbia katika ngozi na kunyonya kwa siku kadhaa, tumbo linajaa kama punje ya maharagwe. Kwa hiyo mtu aliyeumwa na kupe mara nyingi humkuta kupe mwenyewe bado yuko mwilini.

Papasi, ambaye sehemu nyingi za Congo tunamwita kimputu, ana desturi za mwizi. Hakai porini, anakaa nyumbani mwako. Mchana amejificha katika nyufa za ukuta wa udongo, katika vumbi la sakafu, chini ya mkeka, penye mafiga. Ana rangi ya udongo na ngozi iliyokunjamana, hata ukimtazama utadhani ni kokoto. Usiku taa ikizimwa anatoka, ananyonya nusu saa au pungufu, anarudi shimoni. Wewe huamki. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula akingoja mgeni alale, ndiyo maana chumba kilichofungwa muda mrefu si salama zaidi ya chumba chenye watu.

Sasa turudi kwa ndugu wa Marekani. Hakusema uongo. Kule kuna kupe mdogo sana wa porini anayeleta ugonjwa uitwao Lyme. Waganga wa kule, wakihakikisha kwamba ni kupe yule, na kwamba amekaa mwilini siku moja na nusu au zaidi, huweza kumpa mtu mzima doksisiklini mara moja tu, miligramu 200, kabla saa 72 hazijapita tangu kupe kuondolewa. Kwao ni kanuni nzuri. Lakini kupe wale hawako Fizi, na ugonjwa wa Lyme si ugonjwa wetu. Ukiichukua kanuni ya kule ukaileta hapa, ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine: kitaingia labda, lakini hutafika mbali.

Kupe wa kwetu wa ng'ombe naye ana homa yake. Siku 5 mpaka 10 baada ya kuumwa, mtu anaweza kupata homa, kichwa kuuma, mitoki kuvimba, na mahali alipoumwa panatokea kidonda kidogo chenye gaga jeusi. Homa hiyo inatibiwa vizuri kwa doksisiklini, na ni mara chache sana kuua. Lakini inatibiwa ikija. Mtu hanywi dawa kwa kuwa amekuta kupe mguuni, maana mchungaji wa Itombwe angekula vidonge kila siku ya Mungu. Mng'oe kupe kwa kibano au kwa ncha za vidole, umshike karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti na usimpake mafuta ya taa. (Najua babu alifanya hivyo. Babu alikuwa na hekima nyingi, lakini hii haikuwa mojawapo.) Osha kwa maji na sabuni, andika tarehe, basi.

Papasi ni jambo zito zaidi, na historia yake iko karibu na sisi kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1904 waganga wawili, Joseph Dutton wa Uingereza na John Todd wa Canada, waliotumwa na shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool, walikuwa wakipanda mto Congo kutafuta habari za magonjwa. Walionyesha kwamba homa iliyokuwa ikiwapiga watu wa njia za misafara inaletwa na kimputu. Mwaka ule ule waganga wa Uganda nao walikuwa wameifuata habari hiyo hiyo. Dutton na Todd wote wawili waliugua. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo, Maniema, tarehe 27 Februari 1905. Kijidudu cha homa hiyo, kilicho kama uzi uliosokotwa, kimepewa jina lake mpaka leo: Borrelia duttonii. Mwaka 1905 pia, Robert Koch wa Ujerumani, akifuata njia za misafara upande wa Tanganyika, aliona kwamba papasi jike anawarithisha watoto wake kijidudu hicho kupitia mayai. Maana yake ni kwamba papasi mchanga anaweza kuzaliwa tayari ana ugonjwa, hata kama hajamuuma mgonjwa yeyote.

Homa ya papasi ina mwendo wake, ujifunze kuutambua. Baada ya kuumwa mtu hukaa mzima, siku 3 mpaka 18, mara nyingi karibu wiki moja. Kisha homa kali inakuja ghafula, na kichwa, mgongo na viungo kuuma, na kutapika. Inakaa siku tatu hivi. Halafu mtu anatetemeka, anatoka jasho la kulowesha kitanda, na homa inakwisha. Anasema amepona, anarudi kazini. Baada ya wiki moja hivi homa inarudi. Inaondoka tena, inarudi tena. Wengine macho yanakuwa manjano, wengine wanatoka damu puani, na wachache uso unapooza upande mmoja.

Umekwisha kuona mtego uko wapi? Kila anayeona homa hapa kwetu anasema "malaria". Kipimo cha haraka cha malaria hakioni kijidudu cha papasi hata kidogo. Zaidi ya hayo, watu wengi wa kwetu wanaweza kuwa na vijidudu vichache vya malaria katika damu bila hivyo kuwa chanzo cha homa ya siku ile. Basi kipimo kinasema ndiyo, unapewa dawa ya malaria, homa inashuka siku ya tatu kama ambavyo ingeshuka yenyewe, na wote wanafurahi. Mimi ninayeandika nilifurahi hivyo mara mbili. Nilitibiwa malaria mara mbili katika wiki tatu, nikaanza kuwaza kwamba nimerogwa, mpaka mzee mmoja wa maabara aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mwezi uliopita ulilala wapi?" Nilipomwambia, akachukua damu mle mle wakati natetemeka, akaipaka kwenye kioo, akainama juu ya darubini muda mrefu. "Njoo uangalie," akasema. Vilikuwa vinaonekana kama nyuzi ndogo katikati ya damu.

Kwa hiyo, asubuhi ile ya Misisi, fanya hivi. Osha vipele kwa sabuni, usivikune, na usimkamue papasi kwa kucha ukimkuta, kwa sababu maji ya mwili wake nayo yanabeba kijidudu. Andika tarehe na mahali ulipolala, hata nyuma ya kadi ya kazi. Uliza wenyeji kama watu wa nyumba ile wanapata homa zinazokwenda na kurudi. Kisha hesabu siku, wiki tatu. Homa ikija ndani ya siku hizo, nenda kituo cha afya ungali na joto, siku ile ile, kwa sababu vijidudu vinaonekana vizuri katika damu wakati wa homa, na ikishuka vinapotea machoni. Mwambie muuguzi: "Nililala katika nyumba ya udongo tarehe fulani, niliumwa usiku, naomba damu iangaliwe kwa darubini, si kwa kipimo cha haraka peke yake."

Na vile vidonge viwili vya mwenzako? Mrudishie. Sababu ya kwanza: vidonge viwili haviponyi, lakini vinaweza kupunguza vijidudu mpaka darubini isivione, na fundi wa maabara atakuambia huna kitu. Sababu ya pili ni kubwa zaidi, na wengi hawaijui. Mgonjwa wa homa ya papasi anapokunywa dawa ya kwanza, vijidudu vinakufa vingi kwa mara moja, na mwili unashtuka. Katika saa chache za kwanza anatetemeka vikali, joto linapanda, kisha msukumo wa damu unaweza kuanguka. Wengine wamekufa katika saa hizo, si kwa kuwa dawa ilikuwa mbaya, bali kwa kuwa walikuwa peke yao. Dawa ile ile ikitolewa kituoni, muuguzi akiwa karibu na maji ya mshipa yako tayari, mgonjwa anapita salama. Basi mwenye homa asianzie dawa chumbani kwake na mlango umefungwa.

Je, hakuna kabisa mtu wa kupewa dawa kabla ya homa? Yuko, nisikufiche. Huko Israeli walijaribu na wanajeshi 93 waliokuwa wameingia mahali penye papasi wa nchi ile. Karibu nusu walipewa doksisiklini siku tano, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: watu 10 waliugua, na wote 10 walikuwa wa kundi lisilopata dawa. Lakini papasi wa kule ni wa aina nyingine na kijidudu chake ni kingine, na wale walipewa dawa na waganga waliowafuatia. Kwa hiyo kama umelala nyumba ambamo watu wameugua kweli homa ya papasi, na umeumwa, nenda kamwulize muganga mapema, kabla ya homa. Yeye anaweza kuamua kukupa. Hiyo ni haki yake kuamua, si ya mwuza dawa wa sokoni.

Mama mwenye mimba asingoje hesabu ya siku. Homa ya papasi inamtoa mtoto tumboni, au mtoto anazaliwa nayo na kufa siku za kwanza. Mama akishuku tu kwamba ameumwa, aende kituo cha afya siku ile. Doksi na tetra si dawa zake, wala si za watoto wadogo, lakini iko dawa nyingine, eritromisini, ambayo muganga anaweza kumpa. Bwana, usimwambie angoje mshahara.

Papasi anasafiri pamoja nasi. Zamani alifuata misafara ndani ya mikeka na mizigo, leo anapanda lori na pikipiki. Ukirudi Baraka kutoka machimboni, kung'utia mkeka na gunia nje juani kabla ya kuviingiza ndani. Lala juu ya kitanda kilicho mbali na ukuta, na chandarua kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Ziba nyufa kwa udongo mpya, na ukipata saruji hata ndogo, anza na sakafu ya chumba cha kulala.

Kama hujui nyumba yako ina papasi au haina, kwangua vumbi la sakafu karibu na ukuta na chini ya kitanda, ulimwage juu ya kitambaa cheupe juani, kisha ukae kimya utazame. Papasi anajifanya amekufa kwanza. Jua likimchoma, utaona kokoto mojawapo inaanza kutembea. Mtie katika chupa yenye kifuniko kwa kijiti, usimguse kwa mkono, umpeleke kituo cha afya pamoja na jina la mtaa wako.