Kwa nini mtoto huitwa kutolewa damu mara ya pili?



Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI hutobolewa kisigino akiwa na wiki 4 hadi 6. Matone ya damu hukaushwa kwenye kadi, na kadi hupelekwa maabara. Wakati mwingine mama huambiwa kipimo kirudiwe. Wengi huogopa na hawarudi. Tafadhali soma maelezo haya.

Kwa nini kipimo cha haraka hakitoshi?
Kipimo hicho hutafuta kingamwili. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, nazo zinaweza kubaki mwilini hadi miezi 18. Kwa hiyo hutumika kipimo cha PCR, ambacho hutafuta kirusi chenyewe.

PCR hufanyaje kazi?
Vipande vifupi vya DNA viitwavyo praima hujishika kwenye alama ya kirusi. Mashine hupasha moto na kupoza mara 30 hadi 40, na kila mara alama hiyo huongezeka maradufu mpaka ionekane. Kama kirusi hakipo, praima hazina pa kujishika.

Praima hutunzwaje?
Hugawanywa katika vichupa vidogo na kugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa hutolewa kimoja kimoja, kwa sababu kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara huziharibu.

Maabara hujuaje kwamba jibu ni la kweli?
Pamoja na damu ya mtoto wako, hupimwa sampuli mbili za kulinganishia: moja yenye virusi na moja isiyo navyo. Ile yenye virusi hutunzwa mbali na praima. Chembe yake ikiingia humo, hata damu safi itaonekana ina virusi. Sampuli hizo zikitoa jibu lisilo sahihi, majibu ya watoto wote waliopimwa pamoja hayatolewi, na kipimo hurudiwa.

Ukiitwa tena, maana yake ni nini?
1. Damu haikutosha au kadi iliharibika.
2. Kipimo hakikufaulu maabara.
3. Kipimo cha kwanza kimeonyesha virusi. Hapo mtoto huanza dawa mara moja, na damu ya pili huchukuliwa ili kuthibitisha.

Muulize muuguzi sababu ni ipi. Ni haki yako.

Usichelewe
Bila dawa, karibu mtoto 1 kati ya 3 wenye virusi hufa kabla ya kutimiza mwaka 1, na nusu kabla ya miaka 2. Utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 76.

Wakati unasubiri, usiache dawa zako, za mtoto, wala kunyonyesha bila kushauriwa. Ukihama makazi, mwambie mhudumu wa afya ili majibu yakufikie.

Mama, ukiitwa, rudi. Baba, msindikize.