Chuma cha Kale Kina Habari Gani?

Siku moja tulikuwa tukipanda kwa miguu kutoka Uvira kwenda Rurambo, Ziwa Tanganyika likang'aa chini nyuma yetu. Penye shamba la maharagwe mzee mmoja alitusimamisha, akatuonyesha vitu alivyoviokota wakati wa kulima: sarafu mbili, na bonge jeusi, zito, lenye matundu.

"Wanangu," akauliza, "vitu hivi ni vya nani, tena vya zamani gani? Mchuuzi wa vyuma vikuukuu anavitaka kwa kilo."

Sarafu ya kwanza ilikuwa ya shaba nyekundu, yenye tundu katikati ya nyota. Kumbe, ni ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, ambayo fedha zake za kwanza zina mwaka 1887. Ya pili ilikuwa ya shaba ya manjano, imeandikwa 20 Heller, mwaka 1916, na herufi T, yaani Tabora. Wadachi walipofungiwa njia ya bahari na Waingereza, walijipigia fedha huko, hata majeshi ya Kongo yakauteka mji ule mwezi wa Septemba mwaka uo huo. Lakini angalieni: mwaka ulioandikwa ni wa kupigwa sarafu, si wa kupotea kwake. Huenda askari au mpagazi alirudi nayo, akakaa nayo miaka mingi.

Na bonge je? Hayo ni mavi ya chuma, takataka ya tanuru la wahunzi. Hayana maandishi, wala kutu haihesabu miaka. Penye unyevu chuma huzeeka upesi. Lakini wataalamu wakiyakuta makaa ya tanuru palepale ardhini, huyapima, wakajua umri wake. Ndivyo ilivyojulikana kwamba katika nchi za Maziwa Makuu, kama Buhaya, Rwanda na Burundi, chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Mzee alinyamaza kidogo. "Mabonge mengine niliyatupa mtoni," akasema. "Nilidhani ni mawe mabaya."

Basi, wasomaji, mkiokota kitu cha kale, msikisugue wala kukikwangua. Andikeni mahali kilipolala, na makaa myaache yalivyo. Kikifanana na risasi au bomu, msikiguse kabisa, mkawaarifu wakubwa.

Mzee hakuuza. Alituongoza hadi pembe ya shamba, akachomeka kijiti mahali jembe lake lilipoligonga bonge lile.