Arifa za simu: Kwa nini nyingine hupotea njiani?

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya anayeishi mtaa wa Al-Naseem, mashariki mwa mji wa Riyadh, Saudi Arabia. Saa yake ni sawa na ya Nairobi, lakini simu yake huzimwa mchana kutwa awapo kazini.

Adhuhuri, tovuti aliyoitumia kupeleka karo ya mtoto inatuma arifa: fedha zimerudishwa. Je, ataiona akiiwasha simu usiku?

Jibu linategemea namna seva ya tovuti hiyo ilivyopangwa.

Wengi hudhani kuwa seva huipelekea simu ujumbe moja kwa moja. Sivyo. Ujumbe hupitia kwa tarishi, yaani mitambo ya kampuni yenye kivinjari, kama vile Google, Mozilla au Apple.

Ruhusa na funguo

Kwanza mtumiaji hutoa ruhusa. Kivinjari huipa tovuti anwani ya pekee ya kupelekea arifa, nayo seva huihifadhi.

Seva huwa na funguo mbili: wa siri, ambao huutumia kutia saini, na wa wazi, unaokabidhiwa kivinjari. Kwa saini hiyo tarishi humtambua mtumaji halali.

Maneno ya arifa nayo hufichwa kwa namna ambayo tarishi hawezi kuyasoma. Yakifika, programu ndogo ya tovuti iliyomo katika kivinjari huyaonyesha, hata kama ukurasa umefungwa.

Muda wa kungoja

Kwa mujibu wa kanuni zilizochapishwa na shirika la viwango vya intaneti, IETF, mwezi Desemba 2016, kila ujumbe lazima utajiwe muda wa kuhifadhiwa, kwa sekunde.

Ukiandikwa sifuri, na simu imezimwa, ujumbe hupotea. Ukiandikwa 86,400, tarishi anaweza kuutunza siku nzima.

Seva ikijibiwa kwa namba 404 au 410, anwani hiyo haitumiki tena na yafaa ifutwe.

Wenye iPhone wana sharti jingine: tangu toleo la 16.4 la Machi 2023, arifa za tovuti hufika iwapo tovuti imewekwa kwanza kwenye skrini ya mwanzo ya simu.

Tahadhari

Arifa iliyofichwa njiani huweza kusomwa na yeyote aliyeishika simu. Ni salama zaidi kuandika "Una taarifa mpya kuhusu malipo yako" kuliko kutaja kiasi na jina.

Na kwa habari nzito kama ya karo iliyorudi, sekunde sifuri hazitoshi.