Kabla ya Sindano ya Nguvu za Kiume

Jua likizama Bagamoyo, sufuria za supu ya pweza huinjikwa na wanaume husogea na vibakuli vyao wakitafuta nguvu. Ukishika barabara ya Dar es Salaam kupitia Kerege, Mapinga na Bunju, matangazo ya waganga yanakusindikiza njiani: nguvu za kiume, busha, kisukari. Aliyesoma mitandaoni naye ana swali lake: je, nichome sindano ya testosteroni?

Homoni hiyo hutengenezwa na korodani kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Huleta ndevu, sauti nzito, misuli na hamu. Lakini hamu ni kitu kimoja, kusimama kwa uume ni kingine, na hicho cha pili hutegemea zaidi mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo maana mwenye kisukari au presha anaweza kuwa na homoni tele na jogoo bado asipande mtungi. Ukimchoma testosteroni, umetibu ugonjwa asio nao, na kisukari kinaendelea kumla. Busha nalo, linalojulikana sana pwani, ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, mara nyingi kwa minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Hilo dawa yake ni upasuaji.

Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Damu itolewe asubuhi kabla ya saa nne, hujala kitu, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Aliyepimwa alasiri au akiwa na malaria amebeba namba isiyomsaidia. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani huhesabu kuwa kiwango ni cha chini kikiwa pungufu ya nanogramu 300 kwa desilita.

Hata hivyo, namba peke yake si ugonjwa. Mwaka 2002 mtafiti Peter Ellison na wenzake walilinganisha testosteroni iliyo kwenye mate ya wanaume wa Boston na ya Walese wa Ituri, Kongo, pamoja na watu wa Nepal na Paraguay. Vijana wa Boston walikuwa juu, lakini uzeeni tofauti ilitoweka. Mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe, Revocatus Bugumba na Ellison walichapisha utafiti wa hapa Tanzania: Wahadzabe wenye watoto walikuwa na testosteroni kidogo kuliko wasio na watoto, ilhali kwa Wadatoga, ambako baba huwa mbali na malezi ya wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Baba wa Kihadzabe aliyempakata mwanawe si mgonjwa, na mimi sioni sababu ya kumtibu.

Anayestahili sindano ni mwenye dalili za kweli, kama hamu iliyokufa, nywele za mwili kupungua au mifupa dhaifu, vipimo vyake viwili viko chini, na chanzo kimetafutwa: korodani zilizoharibiwa na matubwitubwi, uvimbe wa pituitari, heroini, unene. Mnene akipungua, homoni mara nyingi hupanda yenyewe. Mwenye saratani ya tezi dume asiguswe, na anayetibiwa apimwe damu mara kwa mara, maana huweza kuwa nzito mno. Utafiti wa TRAVERSE wa 2023, uliofuatilia zaidi ya wanaume 5,000 wenye homoni pungufu na hatari ya maradhi ya moyo, haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi. Uliona ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na la damu kuganda mapafuni.

Wengi hawaambiwi hili: testosteroni ya nje huzima mbegu. Pituitari ikiona homoni imejaa, huacha kuziamuru korodani. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume, likachapisha matokeo mwaka 1990, na wengi wa waliochomwa sindano kila wiki walibaki bila mbegu kabisa. Ndugu yangu, kama bado unatafuta mtoto, mwambie daktari hivyo kabla hujakunja mkono wa shati.