Ukipanda Mlima Kenya, mlo mzuri huanzia sokoni

Huenda wewe na majirani zako mtaani Tena mmeshaanza kuchanga pesa za kupanda Mlima Kenya likizo ijayo. Buti zimenunuliwa, makoti mazito yameazimwa na gari limepatikana. Je, mmekaa chini mkaulizana mtakula nini huko juu?

Swali hili si la walafi. Ulaya, watu wanaokwenda kuteleza juu ya theluji hukuta mikahawa milimani, kazi yao ni kuchagua tu. Kwetu sivyo. Ukishapita lango la mbuga, utakula kile ulichobeba wewe au mpagazi wako.

Hamu hupotea, njaa haiondoki

Baridi na kupanda huchoma nguvu nyingi mwilini. Wakati huo huo, hamu ya chakula hupungua kadiri unavyokwenda juu. Katika kambi ya Shipton, iliyo mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi hukupa takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa hupata.

Kwa hivyo chagua vyakula vinavyoshuka kwa urahisi: uji, wali, tambi, viazi, mkate na supu. Nyama ya kukaanga na mafuta mengi hukaa tumboni kwa muda mrefu. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, hata kama huhisi njaa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba pale Shipton maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi, wala si 100. Maharagwe makavu yatatokota mchana kutwa na bado yawe magumu, huku gesi ikiisha. Tena maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yanaweza kukutapisha na kukuendesha. Githeri ibaki nyumbani.

Wapi pa kupata chakula

Anzia karibu na nyumbani. Katika maduka ya Tena na soko la Mutindwa utapata unga wa uji, mchele, tambi, maziwa ya unga, sukari, njugu karanga, tende, karoti na viazi. Hivi ni vya bei nafuu na haviharibiki upesi.

Kituo cha pili ni mji wa mwisho kabla ya mlima: Nanyuki kwa wanaotumia njia ya Sirimon, Naro Moru au Chogoria kwa njia zenye majina hayo. Hapo kula mlo kamili uliopikwa sasa hivi na ungali moto. Nunua ndizi na machungwa ambayo utamenya mwenyewe. Epuka kachumbari na matunda yaliyokatwa yakaachwa wazi. Kuhara ukiwa Tena ni usumbufu. Kuhara ukiwa mita 4,000 juu, mbali na hospitali, ni hatari.

Kituo cha tatu ni kambini. Kama mmekodi mpishi, patana naye orodha ya vyakula kabla ya kuondoka, na hakikisheni sabuni ya kunawa mikono imo mzigoni. Maji ya mito yachemsheni, yatokote kwa dakika 3 kabla ya kunywa. Bebeni chupa za kudumu, kwa kuwa tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa. Pombe iacheni hadi mteremke.

Si kila kutapika ni chakula

Hapa ndipo watu hupotea. Mwenzenu akiumwa na kichwa, akikataa chakula, akihisi kizunguzungu na kutapika, wengi husema, "Amekula kitu kibaya." Huenda ni ugonjwa wa mwinuko, unaotokana na kupanda haraka kabla mwili haujazoea hewa nyepesi. Chakula kizuri hakiuzuii wala hakiutibu.

Mtu wa namna hiyo asiendelee kupanda. Apumzike na anywe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu, ateremshwe. Akianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, iwe mchana au usiku. Ugonjwa ukifika hapo unaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Dawa ya kuuzuia ni kutokuwa na haraka. Ongezeni siku moja katika safari yenu, mlale Old Moses, mita 3,300, kabla ya kuelekea Shipton, na mbebe chakula cha siku hiyo ya ziada. Wengi huharakisha kwa sababu tu chakula kimekaribia kwisha.

Kilele cha Lenana, mita 4,985, hakitahama. Anayekula vizuri na kupanda polepole ana nafasi nzuri zaidi ya kukifikia, na ya kurudi Tena akasimulie.