Nyama Nusu Kilo, Viazi Kilo 2

Ndugu mkulima wa Njombe au Mbeya, gunia la viazi mviringo likishauzwa, vile vidogo vilivyobaki usivitupe. Ni chakula hicho!

Katakata nyama nusu kilo, ichemshe mpaka ilainike, kisha ikaange kwa vitunguu 2 na nyanya 3. Menya viazi kilo 2, uvikate vyembamba. Panga sufuriani viazi, nyama, halafu viazi tena. Tia chumvi na supu ile ya nyama. Funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Baada ya saa moja hivi, watu 6 watashiba.

Lakini angalia! Kiazi kilichopigwa jua kikageuka kijani kina sumu, na kukipika hakuiondoi. Basi, hifadhi viazi vyako gizani.