Kuchambua sataranji kwa kompyuta: programu nzuri ni ya bure

Kila muhula mashindano ya shule yanapokaribia, wazazi na walimu wa vilabu vya sataranji hufika kwenye maktaba na vituo vya kompyuta vya wadi na swali lilelile: ninunue programu gani ili mtoto aweze kuchambua michezo aliyocheza? Wengine huja wakiwa wameshalipa. Mzazi mmoja alileta laptopu ambayo fundi alikuwa amemtoza shilingi 3,000 ili "amwekee Stockfish". Programu hiyo hutolewa bure, na kuiweka ni kazi ya dakika chache. Fedha hizo zingetosha kumnunulia mtoto ubao na kete, na nauli ya kwenda mashindanoni ikabaki.

Tuanze na vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna injini, yaani sehemu inayopiga hesabu, na kuna ubao, yaani programu inayoonyesha miraba 64 na kete kwenye skrini. Stockfish ni injini tupu. Ukiipakua na kuibofya utaona dirisha jeusi lenye maandishi machache tu, na hapo ndipo wengi hudhani imeharibika wakamwita fundi. Haijaharibika. Inasubiri kuunganishwa na ubao. Injini na ubao huwasiliana kwa utaratibu mmoja unaoitwa UCI, uliotolewa mwaka 2000, na ndiyo maana ubao wa kisasa hukubali karibu injini yoyote.

Stockfish ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na hadi leo hutengenezwa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali. Leseni yake inaruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. Hata kuiuza si kosa, mradi muuzaji atimize masharti ya leseni, likiwemo la kutoficha msimbo. Mwaka 2021 watengenezaji wake waliishtaki nchini Ujerumani kampuni ya ChessBase kuhusu Fat Fritz 2, programu iliyojengwa juu ya Stockfish na kuuzwa kwa takriban euro 100. Pande hizo mbili zilipatana Novemba 2022. Kwa hiyo ukikuta kasha zuri lenye bei kubwa, uliza kwanza ndani yake kuna injini gani.

Swali la injini ipi ina nguvu zaidi halitusaidii sana sisi tunaojifunza. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue, iliyokuwa na ukubwa wa makabati, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa 3.5 dhidi ya 2.5. Leo simu ya kawaida yenye Stockfish ina nguvu kuliko Deep Blue ile. Kuna injini nyingine maarufu na ya bure, Leela Chess Zero, lakini hiyo hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro, na kadi hiyo ni ghali kuliko laptopu nyingi za shule zetu. Chagua kulingana na kifaa ulicho nacho.

Kwa mwenye simu ya Android, DroidFish inatosha. Ni ya bure, ina ubao na Stockfish pamoja, na ukishaipakua haihitaji bando. Mwenye intaneti ya uhakika anaweza kutumia Lichess, tovuti iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Haina matangazo wala malipo, na uchambuzi wake hauna kikomo cha maana kwa mchezaji wa kawaida. Tovuti nyingine kubwa humpa asiyelipa uchambuzi kamili wa pambano moja kwa siku. Soma masharti kabla ya kuweka namba ya kadi yako. Simu ikipata moto, simamisha injini. Kuiacha ikihesabu usiku kucha hakumfundishi mtoto chochote, na betri huumia.

Kwenye kompyuta kazi huwa kubwa kidogo. Kwa anayeanza tunapendekeza Lucas Chess, kwa sababu huja na injini ndani yake pamoja na mazoezi mengi. Mwalimu mwenye mamia ya michezo ya klabu atafurahia zaidi Scid vs. PC, ambayo ni kama kabati la mafaili: unaweza kutafuta michezo yote ambayo mwanafunzi fulani alipoteza akiwa na kete nyeusi. En Croissant nayo ina sura ya kisasa na hukusaidia kupakua injini ukiwa ndani yake. Zote tatu ni za bure.

Ukipakua Stockfish mwenyewe kutoka stockfishchess.org, tafuta toleo linaloendana na prosesa yako. Hapa ndipo kompyuta nyingi za shule hukwama. Toleo lenye maandishi avx2 huenda kasi, lakini linataka prosesa yenye uwezo huo. Intel ilianza kuuweka kwenye prosesa zake za Core mwaka 2013, ila Celeron na Pentium nyingi zilizotengenezwa baada ya hapo hazikupewa. Ukiweka toleo lisilofaa, dirisha hufunguka na kujifunga papo hapo, au ubao hukuambia injini imesimama. Usifute kila kitu. Rudi uchukue toleo la sse41-popcnt, ambalo ni la polepole kidogo lakini hukubaliwa na mashine nyingi za zamani. Faili za matoleo ya karibuni huzidi megabaiti 50, kwa hiyo ni busara kupakua kwenye intaneti ya maktaba na kubeba kwa flashi.

Baada ya hapo fungua zipu, weka folda mahali ambapo haitahamishwa, kisha kwenye ubao tafuta orodha ya injini, bofya kuongeza mpya na uielekeze kwenye faili ya Stockfish. Mipangilio ya kugusa ni mitatu tu. Threads ni idadi ya viini vya prosesa ambavyo injini itatumia: kama mashine ina vinne, ipe vitatu ili kompyuta isigande. Hash ni kumbukumbu yake. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 4, megabaiti 256 zinatosha. MultiPV ni idadi ya hatua bora itakazokuonyesha kwa wakati mmoja. Weka 3. Ukiiacha kwenye 1, mtoto ataona jibu moja na kuamini kwamba mengine yote ni makosa.

Sasa namba. Alama ya kuongeza kwa kawaida inaonyesha mweupe yuko mbele, na ya kutoa inaonyesha mweusi. Zamani +1.00 ilimaanisha faida ya takriban askari mmoja. Tangu toleo la 15.1 la Desemba 2022, Stockfish hupima hivi: +1.00 ni nafasi ya asilimia 50 ya kushinda, injini ikicheza dhidi ya nafsi yake. Kwa hiyo kushuka kutoka +0.4 hadi +0.1 si habari ya kumkosesha mtoto usingizi. Tafuta pale namba ilipoanguka kwa kishindo, kutoka sifuri hadi -4 kwa mfano, na uanzie hapo.

Chukua pambano ambalo kila mwalimu wa klabu amelishuhudia: 1.e4 e5 2.Bc4 Nc6 3.Qh5 Nf6 4.Qxf7, na mweusi amekwisha. (Programu nyingi hutumia herufi za Kiingereza: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; askari hana herufi.) Injini itaonyesha mara moja kwamba 3...Nf6 ni kosa kubwa, kwani baada yake mfalme anafungwa kwa hatua moja. Mtoto akiishia hapo atajifunza kwamba kumtoa farasi f6 ni vibaya, na hilo si kweli. Acheze 3...g6 kwenye ubao wa programu. Mweupe akirudisha malkia hadi f3, akitishia f7 tena, sasa 4...Nf6 ni hatua nzuri, kwa sababu farasi yuleyule anaziba njia ya malkia. Kosa lilikuwa kutouliza malkia wa h5 na askofu wa c4 wanatazama mraba gani. Injini hukuonyesha mahali pa kosa, sababu haiandiki. Njia ya kuipata ni kucheza hatua uliyokuwa umeifikiria wewe, kisha uone inavyojibiwa.

Ndiyo maana tunawaomba walimu wazime injini mwanzoni. Mtoto aingize hatua kutoka kwenye karatasi ya pambano, aandike kwa maneno yake pale alipoogopa na pale alipodhani anashinda, halafu ndipo injini iwashwe. Dakika 20 za kuandika kwa mkono humfaidi kuliko saa mbili za kutazama namba zikipanda na kushuka. Michezo ihifadhiwe kwa muundo wa PGN, ambao ni maandishi ya kawaida: mamia ya michezo huingia kwenye flashi ndogo na hufunguka kwenye programu yoyote kati ya hizi.

Wazazi, jambo moja la nidhamu. Injini ni ya baada ya pambano. Tovuti za sataranji hufunga akaunti za wanaoitumia wakati wa kucheza, na kwa kanuni za FIDE, mchezaji akibainika kuwa na simu mwilini ukumbini bila ruhusa hupoteza pambano. Kwa hiyo simu ikabidhiwe mwalimu kabla ya saa kuwashwa, hata kama ni ya kumpigia mama baadaye.

Anayehitaji msaada afike maktaba au kituo cha kompyuta cha wadi yake akiwa na karatasi za michezo na flashi iliyokaguliwa virusi. Huduma hii hailipiwi. Laptopu za shule pia zinaweza kuletwa, mradi mwalimu aje na chaja pamoja na nenosiri la msimamizi. Bila nenosiri hilo mashine nyingi hukataa kuwekwa programu mpya, na tumeshawarudisha walimu waliotoka mbali kwa sababu hiyo tu.